Kiduha

Kiduha (pia huitwa gugu chawi) ni jina la magugu ya jenasi Striga katika familia Orobanchaceae. Spishi zinazoharibu mazao ya nafaka ni mimea ya msimu mmoja: huota, hutoa maua, huzaa mbegu na kufa kabla ya msimu unaofuata. Kiduha ni kimelea. Hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama, uwele, ulezi, miwa na mpunga wa nchi kavu, kisha hunyonya maji, madini na sukari ya mmea huo. Shamba lililovamiwa sana linaweza kukosa mavuno kabisa.

Nchini Tanzania kiduha kinapatikana katika mikoa mingi, ikiwemo ya Kanda ya Ziwa. Ugumu wa kukidhibiti unatokana na mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya madhara hutokea chini ya ardhi kabla mkulima hajaona chochote. Pili, mbegu zake hukaa hai udongoni kwa miaka mingi.

Jina

Neno striga ni la Kilatini na lina maana ya mchawi wa kike. Jenasi hii ilipewa jina hilo mwaka 1790 na mtaalamu wa mimea wa Ureno, João de Loureiro. Jina la Kiswahili "gugu chawi" lina maana hiyohiyo. Mkulima huona mahindi yake yakidumaa na kunyauka ingawa udongo una unyevu na hakuna mdudu anayeonekana, kwa hiyo si ajabu kwamba watu wamehisi kuna mkono wa mtu. Nchini Kenya Wajaluo hukiita kayongo.

Kiduha na nyasi

Kiduha hupatikana katikati ya mimea ya jamii ya nyasi, na kikiwa kichanga huweza kudhaniwa kuwa nyasi. Hata hivyo si nyasi. Nyasi huwa na jani lenye ala inayozunguka shina, na maua yake hayana rangi za kuvutia. Kiduha kina shina lenye pembe nne, majani membamba yanayokabiliana mawili mawili, na maua ya rangi yanayoonekana kwa mbali. Kati ya viduha vya Afrika ya Mashariki vinavyosumbua wakulima, karibu vyote hula mimea ya jamii ya nyasi, na nafaka zote ni za jamii hiyo.

Majani ya kiduha ni ya kijani, kwa hiyo kinaweza kujitengenezea sehemu ya chakula chake kwa mwanga wa jua. Kiasi hicho hakikitoshi. Mche usiopata mzizi wa kushika hufa ndani ya siku chache.

Utambuzi

Spishi za Afrika ya Mashariki

Striga hermonthica ni kiduha kikubwa. Hufikia urefu wa nusu mita hadi mita moja. Maua yake ni ya waridi au zambarau, na kikombe cha kila ua kina mistari mitano iliyoinuka. Hupatikana katika savana za Afrika kuanzia Senegali hadi Ethiopia, na pia Uganda, Kenya ya magharibi na Tanzania upande wa Ziwa Viktoria. Spishi hii haiwezi kujichavusha. Inahitaji wadudu walete chavua kutoka mmea mwingine.

Striga asiatica ni kiduha chekundu. Ni kifupi, kwa kawaida sentimita 10 hadi 30, na maua yake madogo ni mekundu sana, ingawa mahali pengine huwa ya njano au meupe. Kikombe cha ua kina mistari 10 au zaidi. Hupatikana Afrika ya Mashariki na ya Kusini pamoja na sehemu za Asia. Hujichavusha chenyewe, kwa hiyo mmea mmoja tu ulioachwa ukomae unatosha kuanzisha uvamizi katika shamba jipya.

Striga forbesii ina maua ya waridi hafifu na majani yenye meno au ndewe pembeni. Hupenda sehemu zenye unyevu zaidi.

Striga gesnerioides haishambulii nafaka. Mwenyeji wake anayejulikana sana ni kunde.

Katika spishi zote, neli ya ua imepinda kwa ghafla kama kiwiko. Alama hii pamoja na idadi ya mistari ya kikombe husaidia kutofautisha kiduha na magugu mengine ya shambani yenye maua yanayofanana.

Dalili kabla ya kuonekana

Kiduha huishi chini ya ardhi kwa majuma manne hadi saba kabla ya kuchomoza. Katika muda huo mahindi huonyesha dalili zifuatazo:

- hunyauka wakati wa mchana ingawa udongo una unyevu;
- majani hupata mistari au mabaka ya njano, kisha hukauka kuanzia ncha;
- mmea hudumaa na shina hubaki jembamba;
- dalili hutokea kwa mafungu, yaani sehemu moja ya shamba huathirika huku jirani yake ikiwa nzuri.

Dalili hizi zinafanana na zile za ukame, upungufu wa nitrojeni au baadhi ya magonjwa. Njia ya kuhakikisha ni kuchimba mmea mmoja pamoja na udongo wake, kuulowesha katika ndoo ya maji na kuusuuza taratibu bila kuvuta mizizi. Kama ni kiduha, vichipukizi vyeupe na laini vitaonekana vimeshikamana na mizizi. Mmea ukivutwa kwa nguvu, vichipukizi hivyo hukatika na kubaki udongoni, na mkulima hudhani hakuna kitu.

Magugu yanayofanana

Alectra vogelii ni kimelea cha familia hiyohiyo, lakini maua yake ni ya njano na hushambulia mikunde kama kunde na karanga. Rhamphicarpa fistulosa hushambulia mpunga katika mabonde yenye maji, ambapo kiduha cha kawaida hakistawi. Kutofautisha vimelea hivi ni muhimu kwa sababu zao linaloweza kupunguza kimoja linaweza kulisha kingine. Kwa mfano, kunde husaidia kupunguza kiduha cha mahindi, lakini hustawisha Alectra kama ipo shambani.

Mzunguko wa maisha

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi. Urefu wake ni karibu robo ya milimita. Mmea mmoja wa Striga hermonthica unaweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi, na mbegu hizo huweza kubaki hai udongoni kwa miaka 10 au zaidi.

Mbegu haioti kwa kupata maji tu. Inahitaji kwanza kukaa katika udongo wenye joto na unyevu kwa wiki moja au mbili. Baada ya hapo husubiri ishara ya kemikali kutoka kwenye mzizi ulio karibu. Kemikali hizo huitwa strigolaktoni. Ya kwanza kutambuliwa ilitangazwa mwaka 1966, na ilipatikana katika mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi kuushambulia.

Kwa muda mrefu haikueleweka kwa nini mmea utoe kemikali inayomwita adui yake. Jibu lilipatikana mwaka 2005, ilipogunduliwa kwamba strigolaktoni huita pia kuvu wa udongoni wanaoishi na mizizi na kuusaidia mmea kupata fosforasi. Mwaka 2008 ilionekana kwamba kemikali hizo ni pia homoni inayoongoza utoaji wa matawi. Kwa hiyo mmea wenye njaa ya fosforasi au nitrojeni hutoa ishara nyingi zaidi ili kuomba msaada, na kiduha huitikia wito usiokuwa wake.

Baada ya kuota, mche hugusa mzizi na kuunda kiungo cha kunyonyea kinachopenya hadi kwenye mishipa ya maji ya mmea mwenyeji. Baada ya kuchomoza juu ya ardhi, kiduha hutoa maua katika majuma machache, na mbegu hukomaa takriban mwezi mmoja baadaye. Kibonge cha mbegu kikikauka hupasuka na kumwaga mbegu chini.

Kuenea

Mbegu za kiduha husafiri kwa njia zifuatazo:

- nafaka ya mbegu iliyovunwa katika shamba lenye kiduha;
- udongo unaoganda kwenye majembe, viatu, magurudumu na kwato za mifugo;
- maji ya mvua yanayotiririka kutoka shamba la juu kwenda la chini;
- upepo, hasa kwa umbali mfupi;
- samadi, kwa sababu mbegu huweza kupita tumboni mwa mnyama aliyelishwa mabua yenye kiduha na kubaki hai.

Kilimo cha nafaka ileile kila mwaka bila kupumzisha ardhi huongeza tatizo. Zamani shamba lililochoka liliachwa kwa miaka kadhaa. Ardhi ikiwa haba, mapumziko hayo hufupishwa au hukoma, rutuba hupungua, na mbegu za kiduha huongezeka udongoni kila msimu.

Udhibiti

Hakuna njia moja inayomaliza kiduha. Njia zote zinazofaa zina malengo matatu: kuzuia mbegu mpya zisianguke, kupunguza mbegu zilizopo udongoni, na kuupa mmea nguvu ya kuvumilia.

Kung'oa kwa mkono

Kung'oa kiduha kilichochomoza hakuokoi sana mavuno ya msimu huo, kwa sababu madhara yameshatokea. Hii ndiyo sababu wakulima wengi huacha kazi hiyo wakiona haina faida. Faida yake ni ya misimu inayofuata: kila mmea ulioondolewa ni maelfu ya mbegu ambazo hazikuanguka. Kazi hii hufanywa kabla ya maua au mara tu yanapoanza kuonekana, na hurudiwa kila wiki mbili au tatu, kwa sababu viduha havichomozi vyote kwa wakati mmoja. Ukaguzi unapaswa kuendelea hata baada ya kuvuna, maana kiduha huweza kukomaa kwenye mizizi ya mabua yaliyoachwa. Viduha vilivyokwisha kutoa maua hukusanywa kwenye mfuko na kuchomwa moto, kwa kuwa mbegu huweza kuendelea kukomaa baada ya mmea kung'olewa. Havifai kutupwa pembeni mwa shamba wala kulishwa mifugo.

Kubadilisha na kuchanganya mazao

Mazao fulani, kama pamba, soya, karanga, kunde, alizeti na ufuta, huamsha mbegu za kiduha bila kukubali kushambuliwa. Mbegu iliyoamshwa hivyo hufa kwa kukosa mwenyeji. Uwezo huo hutofautiana kati ya aina na aina ya zao. Mihogo, viazi vitamu na migomba haishambuliwi na kiduha cha nafaka, kwa hiyo hufaa kupandwa katika shamba lililovamiwa, ingawa yenyewe hayasafishi udongo haraka kama mazao ya kuamsha.

Marejea (Crotalaria ochroleuca), mmea wa jamii ya mikunde unaofahamika Tanzania kama mbolea ya kijani, umetumika pia kurutubisha mashamba yenye kiduha, hasa ya mpunga wa nchi kavu.

Vuta-sukuma

Mbinu hii ilibuniwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu icipe nchini Kenya, wakiongozwa na Zeyaur Khan, pamoja na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza na watafiti wa serikali ya Kenya. Lengo la kwanza lilikuwa kupambana na funza wa mabua. Desmodi, mkunde unaotambaa, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na mabingobingo (majani ya tembo) hupandwa kuzunguka shamba. Harufu ya desmodi huwasukuma nondo mbali na mahindi, na mabingobingo huwavuta.

Watafiti waliona pia kwamba kiduha kilipungua sana. Mizizi ya desmodi hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha na nyingine zinazozuia miche yake isishike mzizi wa mahindi. Desmodi huongeza nitrojeni udongoni, hufunika ardhi na hudumu kwa miaka, nayo ni malisho ya ng'ombe na mbuzi sawa na mabingobingo. Ugumu wake ni upatikanaji wa mbegu za desmodi na kazi ya palizi katika msimu wa kwanza. Tena, shamba lenye desmodi halichanganywi kwa urahisi na mazao mengine kati ya mistari.

Rutuba ya udongo

Samadi, mboji na mbolea za viwandani zenye nitrojeni na fosforasi hupunguza ishara zinazoamsha kiduha na kuusaidia mmea kukua hata ukishambuliwa. Mbolea peke yake haiondoi mbegu zilizopo. Samadi iozeshwe vizuri katika lundo lenye joto kabla ya kutumiwa, hasa kama mifugo imekula mabua kutoka shamba lenye kiduha.

Mbegu zinazostahimili

Mwanasayansi kutoka Ethiopia, Gebisa Ejeta wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake ya kuzalisha mtama unaostahimili ukame na kiduha. Baadhi ya aina hizo hutoa ishara kidogo sana kutoka kwenye mizizi, hivyo mbegu za kiduha hazizinduki. Nchini Tanzania aina mbili za mtama zilizotokana na kazi ya Purdue ziliidhinishwa kwa majina ya Hakika na Wahi. Kwa upande wa mpunga, baadhi ya aina za NERICA zimeonyesha ukinzani dhidi ya kiduha.

Viuagugu na kuvu

Kuna mahindi yanayovumilia kiuagugu cha imazapiri. Mbegu hupakwa kiasi kidogo cha dawa hiyo, nayo huua viduha vinapojaribu kushika mizizi michanga. Nchini Kenya mahindi hayo yaliuzwa kwa jina la Ua Kayongo. Anayeyapanda hutakiwa kunawa mikono kabla ya kushika mbegu nyingine, na asiweke maharagwe katika shimo moja nayo, kwa kuwa dawa huua mazao mengine. Kiuagugu cha 2,4-D huua kiduha kilichochomoza, lakini huharibu pia maharagwe na mazao mengine ya majani mapana, hivyo hakifai katika mashamba ya mchanganyiko.

Kenya imeidhinisha pia matumizi ya kuvu Fusarium oxysporum anayeshambulia kiduha peke yake. Kuvu huyo huoteshwa kwenye wali uliopikwa na kuwekwa katika shimo pamoja na mbegu ya mahindi. Bidhaa hiyo huitwa Kichawi Kill.

Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo zipo kusini mwa Mkoa wa Kagera, na Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Katika kata za kilimo kama Ntobeye wilayani Ngara, kaya hutegemea migomba, maharagwe, mahindi, mihogo na kahawa. Kati ya mazao hayo ni mahindi tu yanayoweza kushambuliwa na kiduha cha nafaka. Mtama na ulezi vikipandwa, huingia katika hatari hiyohiyo. Mchanganyiko huu wa mazao ni kinga, mradi mahindi yasirudiwe mahali pamoja kila msimu.

Udhaifu upo katika mgawanyo wa rutuba. Kwa desturi ya kilimo cha Kagera, samadi na mabaki ya jikoni hupelekwa kwanza kwenye migomba iliyo karibu na nyumba. Shamba la mahindi la mbali hupata kidogo au halipati kabisa, nalo ndilo linalotoa ishara kubwa kwa kiduha. Kupeleka sehemu ya mboji katika shamba hilo, hata kwa kuiweka katika mashimo ya kupandia tu, ni hatua ya kinga.

Eneo hili lina misimu miwili ya mvua, vuli na masika, na mahindi huweza kupandwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kila msimu wa mahindi ni nafasi mpya kwa kiduha kuzaa, lakini pia msimu mmoja unaweza kutengwa kwa mazao ya kuamsha, kama karanga au soya. Mbegu za kiduha huota vizuri zaidi katika udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 35 za selsiasi. Kwa hiyo mashamba ya sehemu za chini zenye joto yanahitaji kukaguliwa kwa makini kuliko yale ya vilimani penye baridi.

Nafaka huvuka mipaka kupitia njia za biashara kama Rusumo na Kabanga. Nafaka ya sokoni iliyonunuliwa kwa chakula haifai kutumiwa kama mbegu, maana haijulikani ilikotoka shambani. Mbegu zilizothibitishwa hukaguliwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI). Mkulima anayeona mmea anaoushuku anaweza kupeleka sampuli yenye maua, iliyofungwa katika mfuko, kwa afisa ugani wa kata. Vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) vilivyopo Kanda ya Ziwa ni Ukiriguru mkoani Mwanza na Maruku karibu na Bukoba.

Uvamizi nchini Marekani

Kiduha ni mmea wa asili wa Afrika na Asia, lakini kimewahi kuvamia bara lingine. Mwaka 1956 Striga asiatica iligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini. Serikali ya Marekani iliweka karantini mwaka uliofuata. Magari na mashine zilisafishwa kabla ya kutoka katika mashamba yaliyoathirika, viduha viliuliwa kabla ya kuzaa, na gesi ya ethilini ilisukumwa udongoni ili kuamsha mbegu bila kuwepo mmea wa kushambuliwa. Baada ya miongo kadhaa eneo lililovamiwa lilipungua kwa zaidi ya asilimia 99.

Gesi hiyo na mashine zake ni ghali mno kwa mkulima mdogo. Hata hivyo kanuni yake ni ileile ya soya katika shamba la mahindi na ya kung'oa kiduha kabla ya maua: mbegu iamshwe bila mwenyeji, na mbegu mpya isianguke, mwaka baada ya mwaka, hadi akiba iliyo udongoni iishe.